Kuku kupooza miguu si kideri peke yake

Mhariri,

Mfugaji akiingia duka la dawa za mifugo na kusema kuku wake hawasimami, mara nyingi hutoka na pakiti ya antibiotiki ya oksitetrasaiklini kabla hajaulizwa swali lolote. Kuku wana umri gani, wanakula nini, vidole vimekaaje, hakuna anayetaka kujua. Kupooza ni dalili, si ugonjwa, na kwa visababishi vingi dawa hiyo haifanyi kitu.

Umri ndio wa kutazama kwanza. Kifaranga wa wiki moja hadi tatu anayetembea kwa vifundo, vidole vimekunjwa kwa ndani kama ngumi, lakini amechangamka na anataka kula, huyo kapungukiwa vitamini B2. Wanaochanganya chakula nyumbani hukutana na hali hii sana. Mahindi na pumba vina B2 kidogo mno, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) hupunjwa kwa sababu ya bei, au huachwa wazi juani na mwanga ukaiharibu. Tia vitamini B mchanganyiko kwenye maji kwa siku tano hadi saba, kwa kipimo cha kwenye pakiti, uyabadilishe kila siku na chombo kikae kivulini. Chakula kiongezewe dagaa waliosagwa na mchicha. Kifaranga akiwahiwa husimama ndani ya siku chache. Akiachwa mpaka vidole vikakomaa katika mkunjo ule, havinyooki tena hata umpe nini.

Kwa kuku wanaokua, kuanzia wiki ya sita hivi hadi wanapokaribia kutaga, mshukiwa wa kwanza ni mahepe, yaani ugonjwa wa Marek. Kuku hulala mguu mmoja kautupa mbele na mwingine nyuma, au bawa moja limeanguka. Ukimsogezea chakula anakula, ila anakonda mpaka mfupa wa kidari unachomoza. Hawafi kwa mkupuo: leo mmoja, wiki ijayo wawili, na mfugaji anadhani ni bahati mbaya.

Akifa, vaa glavu umpasue. Tenganisha misuli ya ndani ya paja utafute mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka nyongani, kisha linganisha wa kulia na wa kushoto. Mshipa mzima ni mweupe, unang'aa, na ukiutazama kwa karibu una mistari myembamba inayoukata kwa upana. Wenye mahepe huvimba, mara nyingine mara mbili au tatu ya mwenzake, ukawa wa kijivu au manjano na mistari ikapotea. Mara nyingi ni wa upande mmoja tu, ndiyo maana ya kulinganisha. Ini au wengu nao waweza kuwa na vivimbe vyeupe. Usipoona kitu, bado usiseme si mahepe. Peleka mzoga maabara ya mifugo ukiwa kwenye barafu. Na kama kuku wengi wamekufa ndani ya siku mbili tatu huku vichwa vimevimba, usipasue kabisa, mwite afisa mifugo.

Mahepe hutokana na virusi na hayana tiba. Husambaa kwa vumbi la manyoya na hudumu bandani kwa miezi mingi, hivyo kuingiza vifaranga wapya kwenye maranda ya zamani ni kuwapokeza ugonjwa. Chanjo huchomwa siku ya kwanza, chini ya ngozi ya shingo, hapo hapo kwenye kituo cha kutotolea. Hata waliochanjwa watengwe na kuku wakubwa kwa wiki chache za mwanzo, maana kinga huhitaji muda kujijenga. Kumchanja kuku aliyekwisha kulala ni kumwaga pesa. Wanaototolesha kwa mtetea uani hawana njia rahisi, kwani kichupa kimoja mara nyingi ni cha dozi elfu moja na kikishachanganywa hakingoji. Hao wachague mbegu kwa kuku waliokaa miaka miwili bila kupooza. Ukinzani wa mahepe hurithiwa.

Yaliyobaki ni mepesi kutambua. Kideri (Newcastle) huja na shingo kupinda, kinyesi cha kijani na vifo vya haraka. Kinga yake ni tone moja la chanjo ya I-2 jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kuku aliyelegea miguu, kisha mabawa, kisha shingo, huenda amekula sumu ya botulizimu: tafuta mzoga wenye funza aliokula, uuchome moto. Mtagaji aliyeanguka ghafla huenda amekosa kalsiamu: mpe chokaa ya mifugo au makombe yaliyopondwa, lakini usiwape kuku wachanga chakula cha watagaji, kalsiamu nyingi huharibu figo. Funua pia mabawa na mianya ya mbao usiku kwa tochi. Kupe wa kuku hutoka saa hizo, na baadhi yao hupoozesha.

Ombi langu kwa wenye vituo vya kutotolea ni kwamba neno "wamechanjwa" kwenye risiti halitoshi. Laweza kumaanisha kideri tu. Andikeni jina la kila chanjo, tarehe, na namba ya toleo iliyo kwenye kichupa.

Mfugaji wa kuku wa uani,
Morogoro