Weusi wa juu hauponyi lami iliyopasuka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utunzaji wa njia ya gari ya nyumbani iliyowekwa lami, yaani ile inayotoka getini hadi kwenye banda la gari. Wenye nyumba wengi huisubiri lami mpaka igeuke kijivu, kisha humwita fundi aje kuipaka kipako cheusi, ambacho wengine hukiita rangi ya lami, nao huridhika wakiona weusi umerudi. Nami nilifanya hivyo hivyo, na hasara niliyoipata ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Fundi mmoja alinijia akisema amebakiwa na kipako kutoka kazi ya jirani, na kwamba angenifanyia kwa bei nafuu siku hiyo hiyo. Alimaliza njia nzima kwa muda usiozidi saa moja. Hakuosha palipodondokewa na mafuta ya gari, hakung'oa nyasi zilizoota ndani ya nyufa, na kila alipofika penye ufa alipitisha brashi juu yake kama vile haupo. Jioni ile njia ilipendeza kweli. Mvua ziliponyesha, maji meusi yalitiririka hadi barazani, na baada ya miezi michache kipako kilianza kubanduka kama magamba, nyufa zikaonekana tena zikiwa zimepanuka kuliko mwanzo. Siku moja nilichuchumaa nikamimina kikombe cha maji katika ufa usiozidi upana wa kidole changu cha mwisho, nikitarajia ujae na kufurika. Haukujaa. Kikombe cha pili nacho kikazama chote, na nilipokanyaga kando ya ufa huo lami ilibonyea kidogo, tope jembamba likapanda juu na kulowesha soli ya kiatu changu.

Tope lile lilikuwa udongo wa msingi. Njia ya lami ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe, ambavyo kwa uzito hufikia takriban asilimia 95, vikishikwa pamoja na bitumeni isiyozidi sana asilimia 5. Sehemu hiyo ndogo ndiyo gundi, na ndiyo inayochakaa kwanza, kwa sababu jua na hewa huikausha na kuifanya ngumu mwaka hadi mwaka, mpaka inashindwa kunyumbuka joto linapopanda na kushuka, ndipo inapasuka. Kuanzia hapo maji ndiyo adui mkubwa. Huteremka kupitia ufa hadi kwenye msingi uliobeba lami, msingi ukilowa hulegea, gari likipita lami huinama pale pasipo na kitu cha kuiegemeza, na hatimaye kipande hung'oka na kuacha shimo. Katika nchi zenye baridi kali mambo huwa mabaya zaidi, kwani maji yakiganda ndani ya ufa hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuupanua kwa nguvu.

Kipako basi ni ngozi nyembamba ya kuikinga bitumeni na jua, maji na mafuta. Hakiongezi nguvu yoyote katika njia, na wala hakizibi ufa mpana, kwa sababu kikishakauka huwa chembamba mno kuweza kulivuka pengo. Fundi anayeahidi kwamba kupaka peke yake kutaponya nyufa anamdanganya mteja, hata kama mwenyewe anaamini anachosema.

Kazi inayofaa huanza kwa kuchunguza. Ufa ulionyooka, wenye upana wa kama milimita 6 au zaidi, hung'olewa nyasi, hukwanguliwa, hupulizwa vumbi lote mpaka ukauke, kisha hujazwa kizibo maalumu cha nyufa kinachobaki na unyumbufu baada ya kukauka. Saruji haifai hapo hata kidogo, maana haiendi na lami inapotanuka na kusinyaa, na baada ya muda huachana nayo pembeni na kuyafungulia maji upya. Lakini ukiona nyufa zimesukana kama ngozi ya mamba, fahamu kwamba msingi wa chini umeshindwa. Mahali hapo hakuna dawa ya kupaka wala ya kumimina: hukatwa kwa mraba, huchimbwa mpaka kwenye udongo mgumu, hujazwa kokoto na kushindiliwa kwa tabaka, ndipo huwekwa lami mpya. Ni gharama, najua, lakini kila pesa inayotumika kupaka juu ya ngozi ya mamba ni pesa iliyotupwa.

Madoa ya mafuta yanahitaji uangalifu wa pekee. Bitumeni hutokana na mafuta ghafi, kama ilivyo petroli na dizeli, na kwa hiyo petroli, dizeli au mafuta ya injini yakidondoka mara kwa mara mahali pamoja huilainisha na kuiyeyusha, hadi kokoto zikaanza kuchomoka kwa kidole. Doa lazima lisuguliwe kwa sabuni ya kuondoa grisi na kusuuzwa vizuri, la sivyo kipako hakitashika hapo.

Kuhusu kupaka kwenyewe, hali ya hewa ndiyo inayoamua. Joto lisipungue nyuzi 10 za Selsiasi, na mvua isitarajiwe kwa angalau saa 24. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene, ya kwanza ikiachwa ikauke kabla ya ya pili, na gari lisipite kwa siku moja au mbili kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Lami mpya isipakwe mara moja: huachwa kwanza kati ya miezi 6 na 12 ili ikomae. Baada ya hapo kupaka kila baada ya miaka 2 au 3 kunatosha, na mahali pengine hata zaidi. Mwenye kupaka kila mwaka hujenga ganda nene linalopasuka lenyewe. Anayetaka kujua kama wakati umefika amwagie maji kidogo kwenye lami kavu: yakikaa juu kama matone, asubiri, yakinywewa na kuacha weusi, apake.

Nawasihi wasomaji pia waulize kipako kimetengenezwa kwa kitu gani. Vipo vya bitumeni na vipo vya lami itokanayo na makaa ya mawe. Hivi vya pili huhimili petroli vizuri zaidi, lakini hubeba kemikali za jamii ya hidrokaboni ambazo baadhi yake husababisha saratani, na watafiti wa jiolojia wa serikali ya Marekani wamepima wakaona kiasi chake ni takriban mara 1,000 ya kile kilichomo katika vipako vya bitumeni. Kipako hicho kikichakaa huwa vumbi, ambalo huingia ndani kwa nyayo za viatu na kutua sakafuni wanapotambaa watoto. Mji wa Austin, katika jimbo la Texas, ulikipiga marufuku mwaka 2005, na jimbo la Washington likafuata mwaka 2011. Ukiuliza na muuzaji akashindwa kukujibu, usinunue.

Jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita haraka ni mwelekeo wa maji. Njia inapaswa kuteremka upande mmoja kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na maji ya paa yasimwagwe juu yake. Kingo nazo zijazwe udongo ulioshindiliwa hadi usawa wa lami, kwani ukingo unaoning'inia huvunjika kila gurudumu linapoukanyaga. Kwangu bomba la paa lilikuwa likimwaga maji juu ya ufa ule ule nilioueleza, na hakuna hata fundi mmoja kati ya waliokuja aliyeinua macho kulitazama.

Ombi langu kwa mafundi wa kazi hii ni kwamba kabla ya kutaja bei wamwandikie mteja mambo matatu: nyufa zipi watazijaza na kwa kitu gani, mahali gani msingi umeshindwa, na kipako watakachotumia ni cha aina gani. Nawaomba wenye nyumba wasimlipe yeyote asiyeweza kuandika hayo. Mimi mwenyewe nimekwisha kuligeuza bomba la paa, na nyufa zilizonyooka nimezijaza. Palipopanda tope patachimbwa kiangazi kitakapoingia, na kipako kitasubiri hadi lami mpya ya hapo ikomae.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi