Shukrani kwa kaka wa treni, daraja la tatu

Mimi na mzee wangu tumecheza ngoma pamoja miaka 31. Tulikutana Tabora, uwanjani, kila mmoja na manyanga yake. Juzi tuliteremka Kigoma tukasahau begi kwenye treni: kanda 14 za wazee wa Kinyamwezi, picha, daftari la uyeye, ile ngoma ya nyoka. Mzee hakula siku hiyo.

Kaka, ulifunua daftari ukaona namba, ukapiga, ukapanda bodaboda mpaka Mwanga, hapo Kigoma, kwenye mvua. Begi umelifunga nailoni, wewe umelowa chepechepe! Kanda moja ilikuwa imechomoka utepe; uliketi barazani ukaurudisha kwa kalamu, taratibu, mpaka ukaisha. Nauli ulikataa, ukanywa maji tu. Jina hukutaja.

Jioni tuliiweka kanda ile. Inaimba.