Ukinunua gitaa la umeme, anza na shingo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji tuzungumze na wazazi, viongozi wa kwaya na vijana wanaodunduliza kununua gitaa la umeme la kwanza. Sisi ni mafundi wa vyombo hivi. Magitaa mengi tunayoletewa kwa sababu "ni magumu" bado ni mapya kabisa. Yalichaguliwa kwa rangi na jina lililoandikwa kichwani. Mnunuzi aliuliza pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) ni ngapi, akauliza kama kebo na mkoba vimo, akalipa. Shingo hakuigusa. Pikapu mbovu hubadilishwa, swichi inayokwaruza husafishwa kwa dawa ya kopo, lakini shingo iliyojipinda, au isiyoukubali mkono wako, kuibadilisha kunaweza kugharimu karibu sawa na gitaa zima la bei nafuu. Fedha ikiwa kidogo, iende kwenye shingo.

Tuanze na upana. Pale juu, karibu na kichwa, pana kidaraja chembamba cha plastiki au mfupa chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Pima upana wa shingo hapo. Yamaha Pacifica za bei nafuu, 012 na 112, zina milimita 41. Squier, ambayo ni chapa ya Fender ya bei ya chini, ina 42. Ibanez za Gio na Epiphone nyingi zina 43. Tofauti ya milimita mbili ukiigawa kwa nafasi tano zilizo kati ya nyuzi sita ni kama milimita 0.4 kila nafasi, na mwenye vidole vinene huiona mara moja anapobana kodi (nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja) ya A: vidole vitatu vinajaa nafasi ya freti ya pili (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), na kimojawapo kinaziba uzi wa jirani. Huyo asinunue 41, hata kama gitaa ni zuri kwa mengine yote. Mwenye mkono mdogo atafurahi nayo.

Unene ndio unaowapotosha wengi. Wauzaji hupenda kusema shingo nyembamba ndiyo laini, na Ibanez za Gio, zenye unene wa karibu milimita 19.5 kwenye freti ya kwanza, husifiwa hivyo. Kwa solo ya kasi ni kweli. Kwa mpiga rithim anayebana kodi saa tatu mfululizo ibadani au ukumbini, shingo nyembamba mno humfanya akamue kwa dole gumba, kwa kuwa kiganja hakina cha kukumbatia, na maumivu huanza chini ya gumba kabla hata vidole havijachoka. Shingo ya mviringo wa wastani, ile inayofanana na herufi C, huwafaa watu wengi zaidi. Jaribio ni moja: bana kodi ya F kwa kulaza kidole cha shahada, ishike dakika moja bila kupiga, kisha usikilize mkono wako mwenyewe.

Ubao wa freti nao una mgongo. Vipimo vyake huandikwa kama nusu kipenyo cha duara: Fender za kizamani 184, Squier za sasa 241, Epiphone 305, Ibanez za Gio 400, zote kwa milimita. Namba ikiwa ndogo, mgongo umejikunja zaidi na kodi za kulaza kidole hukaa vizuri. Ikiwa kubwa, ubao ni bapa na uzi unaweza kuvutwa pembeni bila kukatika sauti. Muziki wetu wa dansi, rumba na benga hautegemei sana kuvuta nyuzi pembeni. Unategemea vidole kutembea juu na chini, nyuzi mbili mbili kwa pamoja. Kwa kazi hiyo 241 hadi 305 inatosha kabisa, na hakuna sababu ya kuongeza fedha kwa ajili ya ubao bapa.

Urefu wa nyuzi toka kidaraja cha juu hadi daraja la chini ni 648 kwa Squier, Yamaha na Ibanez, na 628 kwa Epiphone nyingi. Ile fupi hulegea kidogo na freti zake hukaribiana. Kwa mtoto wa miaka saba au minane, ipo Squier Mini yenye karibu 578.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo chanzo kikubwa cha gitaa la bei nafuu kuonekana gumu: mifereji ya kile kidaraja cha juu haikuchongwa ikafika chini. Kiwandani kuiacha juu ni salama, maana mfereji uliokatwa kupita kiasi hufanya uzi ulie kwa kugonga freti, na gitaa linalolia hurudishwa dukani. Kwa hiyo huachwa juu, na anayeumia ni mwanafunzi, kwa kuwa kodi za mwanzo zote ziko kwenye freti tatu za kwanza. Anabana kwa nguvu mno, uzi unapanda sauti, na kodi ya F inasikika imepotoka hata kama gitaa limetyuniwa sawasawa. Kuligundua hili hakuhitaji kifaa. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi huo na freti ya kwanza. Inatakiwa iwe ndogo sana, kiasi cha karatasi moja ya kawaida ya kuchapia, yaani kama milimita 0.1. Gonga uzi hapo kwa kidole: ukisikia mgongano mdogo, pako sawa. Ukiona mwanga mpana, mfereji uko juu. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita, kwa sababu mara nyingi nne ni nzuri na mbili ni mbaya.

Kuchonga ni kazi ya muda mfupi kwa fundi mwenye tupa za unene wa nyuzi. Msumeno wa chuma usitumike. Hukata mfereji mpana wenye kitako bapa, na uzi hucheza humo. Mfereji uteremke kidogo kuelekea kichwani, ili uzi uegemee ukingo ulio upande wa freti. Ukikatwa kupita kiasi, hujazwa unga wa soda ya kuokea na tone la gundi kali, huganda papo hapo kama jiwe, kisha huchongwa upya. Hilo linafaa kwa muda. Dawa kamili ni kidaraja kipya.

Kitu cha pili ni mkunjo wa shingo. Ndani yake imo fimbo ya chuma inayopingana na mvuto wa nyuzi, na hukazwa kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), mara nyingi ya milimita 4 au 5, kichwani au pale shingo inapoingia kwenye bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ya mwisho kwa wakati mmoja. Uzi huo sasa ni rula yako. Tazama nafasi iliyopo juu ya freti ya nane: inayofaa ni kama milimita 0.25. Huna fila geji (vibamba vya kupimia mianya)? Kipande cha uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, wa seti ya 10 (yaani inchi 0.010) kina unene huo huo, kipitishe hapo. Kikipwaya sana, shingo imeinama mbele, kaza kwa kuzungusha kulia. Kikikosa pa kupita, imerudi nyuma, legeza. Zungusha robo mzunguko tu, tyuni, subiri mti utulie, pima tena. Ukiwa dukani omba muuzaji afanye hivyo mbele yako. Fimbo isiyozunguka kabisa, iliyokazwa hadi mwisho, au yenye tundu la alenki lililolika, lirudishe gitaa hilo kwenye boksi uchukue jingine. Vivyo hivyo ukitazama shingo kutoka kichwani kuelekea chini ukaona upande wa uzi wa kwanza umeinama tofauti na upande wa sita. Hapo shingo imejinyonga, na fimbo ya kawaida hainyooshi mnyongo.

Mkunjo ukiwa sawa ndipo kimo cha nyuzi juu ya freti hupimwa, si kabla. Kwenye freti ya 12, uzi wa sita uwe kama milimita 2 juu ya freti, wa kwanza kama 1.5. Kadi mbili za benki zikipangwa pamoja zina takriban 1.5, zinatosha kwa kipimo cha dukani. Kadi hiyo hiyo hutafuta freti iliyochomoza: isimamishe kwa ukingo kati ya nyuzi, ikalie freti tatu tu, ukitumia upande wake mrefu karibu na kichwa, na upande mfupi unapopanda kuelekea kwenye bodi. Ikicheza kama mizani, freti ya katikati iko juu. Moja au mbili hugongwa au kupigwa tupa. Zikiwa nyingi, usinunue.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, juu hadi chini, pande zote mbili. Ncha za freti zikikukwaruza, mti umekauka na kusinyaa huku chuma kikibaki na urefu wake. Hutokea sana gitaa linapotoka kwenye unyevu wa kiwanda cha Indonesia au China likakaa Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi. Si kosa la kukufukuza; fundi huziba ubao kwa utepe wa karatasi wenye gundi, hupitisha tupa laini kwa mshazari, kisha msasa. Lakini tumia kasoro hiyo kuomba punguzo.

Kwa ndugu wa Pwani tatizo ni la namna nyingine. Shingo yenye vanishi ya kung'aa hunata mkono unapotoka jasho, na Tanga, Mombasa au Zanzibar jasho halikosekani. Tafuta yenye mgongo usiong'aa. Ukishanunua ya kung'aa, isugue nyuma kwa msasa namba 800 ukifuata urefu wa mti, hadi mng'ao ufe tu, bila kufika kwenye mti wenyewe. Wengine hutumia sufi ya chuma. Basi funika pikapu kwanza, kwa kuwa vumbi lake hunaswa na sumaku na halitoki kirahisi.

Mpiga solo apande juu. Katika sebene mkono hukaa freti ya 12 na kuendelea, na hapo ndipo pembe ya bodi na kitako cha shingo huzuia kiganja. Magitaa yenye umbo la Les Paul (modeli ya Gibson) yana pembe moja tu iliyokatwa na kitako kinene. Yenye umbo la Strat (Stratocaster ya Fender) na SG (nayo ya Gibson), yaliyokatwa pembe mbili, hufikika kwa urahisi zaidi. Ila SG ina tabia ya kichwa kuzama. Livae kwa mkanda, achia mikono: kichwa kikishuka, mkono wako wa kushoto utakuwa unabeba shingo usiku kucha badala ya kupiga.

Wanaotyuni kwa mtindo wa mi-composé, ambapo uzi wa nne hubadilishwa kwa uzi mwembamba unaopandishwa oktavu moja, wakumbuke kwamba mfereji wa nne ulichongwa kwa uzi mnene. Uzi mwembamba hucheza humo na kukereketa. Fundi akuchongee kidaraja cha pili, cha kwanza ukihifadhi. Na anayetoka nyuzi za 9 kwenda za 10 ategemee shingo kuinama mbele kidogo na kuhitaji fimbo ikazwe; uzi wa sita nao unaweza kukwama mferejini, ukisikika "tik" wakati wa kutyuni.

Mhariri, tuna ombi kwa wenye maduka. Msiyafunge magitaa kwenye boksi mkisema ukifungua umenunua. Yavalisheni nyuzi, yatyunini, na mkabidhi alenki pamoja na gitaa. Nyingi hutoka nayo kiwandani kisha hupotea kaunta. Mruhusuni mteja apige bila ampu kwanza, freti kwa freti, kila uzi, kwa sababu ampu hufunika mlio wa uzi unaogonga freti. Duka lenye fundi wa kuchonga kidaraja na kurekebisha fimbo kabla ya gitaa kutoka lingeweza kuongeza ada hiyo waziwazi kwenye bei, na tungewashauri wanafunzi wetu wailipe. Anayeagiza kwa mtandao amtake muuzaji apige picha tatu: shingo ikitazamwa toka kichwani, rula ikiwa chini ya uzi freti ya 12, na tundu la fimbo. Asiyekubali kuzituma, atafutwe mwingine.

Mafundi wa magitaa,
Dar es Salaam