"Si dawa, ni lishe"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu makopo ya virutubisho yanayouzwa jijini, kwenye daladala za Mbagala, vibanda vya Kariakoo hadi magrupu ya WhatsApp. Wauzaji wana kauli moja: "Hii si dawa, ni lishe." Mimi nauza dawa Tandika, na kauli hiyo inanisumbua kuliko bei zao.

Mteja akishaamini si dawa, halitaji kopo lake. Namuuliza, "Kuna dawa nyingine unatumia?" Anajibu hapana, kopo liko mkobani. Mama mmoja alinunua doksi (doxycycline, dawa ya kuua bakteria) kwangu, siku ya tatu akarudi na ukali: nimemuuzia feki. Kumbe kila asubuhi aliimeza pamoja na kidonge cha madini ya chuma. Chuma hushikamana na doksi tumboni, dawa isiingie vizuri kwenye damu.

Wanaonipa wasiwasi zaidi ni walio kwenye ARV, dawa za kufubaza VVU. Kidonge wanachopewa wengi CTC (kliniki za VVU) siku hizi kina dolutegravir, na hiyo haipatani na kalsiamu, chuma, zinki wala magnesiamu. Inywewe angalau saa mbili kabla ya virutubisho hivyo, au saa sita baada yake. Kalsiamu au chuma vinaweza kumezwa nayo kwa pamoja iwapo mtu anakula chakula wakati huohuo. Lakini nani atamwambia muuzaji, katikati ya abiria, kwamba anatumia ARV? Simlaumu anayenyamaza.

Mjamzito naye aonyeshe kliniki kopo lake kabla ya kulifungua. Vitamini A ya vidonge ikizidi hujilimbikiza kwenye ini na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. (Mchicha na papai havina shida hiyo, ale tu.)

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenzangu wa kaunta na zahanati: tusiulize "dawa" tu. Tuulize vidonge vya nguvu, unga wa kuongeza damu, chai ya kupunguza tumbo. Ukitaja hivyo mtu anacheka kwanza, kisha anafungua mkoba.

Wateja wangu nimewaambia waje na kopo lenyewe, hata kama wamelinunua kwingine. Siwaulizi bei.

Muuza dawa,
Tandika, Dar es Salaam