Barua kwa mwana wa kaka yangu mwenye gari jeupe

Mwanangu,

Salamu utazipata mwishoni ukizistahili. Ijumaa ile ulinipigia simu ukasema, "Shangazi, niko usoni pa Marikiti, gari nyeupe, nimewasha hazadi." Basi, ukakata. Mombasa hii! Meli zinashusha Probox nyeupe pale Kilindini kutoka Japani, na sheria hairuhusu gari lililozidi miaka 8, kwa hivyo hata umri yanalingana kama mapacha. Na hazadi ni nani asiyewasha akiegesha vibaya Barabara ya Digo?

Nikafungua mlango wa nyuma, nikatua kikapu. Mkia wa samaki changu ulikuwa umechomoza, unadondosha maji ya barafu kitini. Nikaja kukaa mbele. Dereva kanipa kisogo, kichwa chote ki nje ya dirisha, anabishana na kijana wa kaunti juu ya ada ya paking. Kisogo chenyewe chako, wallahi, na kofia juu. Kilichonipa raha ni tasbihi ya kijani iliyoning'inia kiooni. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mtoto ameanza kuswali.

Nikafungua kinywa. Mamako hujamvukia Likoni tangu Idi. Feri yenyewe mtu wa miguu halipi hata ndururu, kwa hivyo usinambie habari ya nauli. Goti linamsumbua, ngazi anashuka moja moja kashika ukuta, na kila Jumamosi usiku anaumua unga wa mahamri wa watu wawili, eti huenda ukatokea. Jumapili alasiri anampa jirani, yashakuwa magumu. Nikagusia na zile hela za bati, ambazo hapa siziandiki.

Ugomvi wa dirishani ukakatika. Akageuka: mzee wa watu, ndevu zina hina.

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye hata hakucheka. Akasema, "Mama, gari si lako. Lakini mamangu mimi yuko Mtongwe, na mwezi huu sijakwenda." Akashuka, akanitolea kikapu mwenyewe, akanionyesha wewe, magari matatu mbele, umeinamia simu.

Njiani ukaniuliza mbona shangazi leo kimya. Nilikuwa nimeshayamaliza yote, mwanangu, na hukuwepo.

Jumapili saa nne nipitie twende Likoni. Na safari hii nitumie namba ya gari.

Wasalaam,
Shangazi yako