Spesa nyembamba ndiyo tunayoiogopa

Haipiti wiki bila mtu kuingia gereji na rimu nne kwenye buti na swali moja: "Fundi, hizi zitakaa?" Hela imeshatoka, rimu zinang'aa, na dukani ameambiwa "ikigoma utaweka spesa tu". Hilo "tu" ndilo linalotuletea kazi.

Spesa ni duara la chuma au alumini linalokaa kati ya habu (kile kichwa cha chuma gurudumu linapofungwa) na rimu ili kusogeza gurudumu nje. Ziko za namna mbili. Moja ni sahani bapa ya milimita 3, 5 au 10, unaipachika tu kwenye boliti za gari kisha rimu inafuata. Nyingine ni nene, kuanzia milimita 15 hivi. Inafungwa kwenye habu kwa nati zake, na yenyewe ina boliti zake za kushika rimu. Wateja wanaiogopa hii nene kwa sababu inaonekana. Sisi tunaiogopa ile sahani.

Kuna kaka alituletea Subaru Forester, usukani unatetemeka akifika kilomita 80 kwa saa. Alikuwa ameshafanya balansi mara mbili mahali pengine. Rimu zake zilikuwa za spoti, zimechongwa kwa ajili ya Toyota kama Caldina. Matundu ya boliti yanaoana kabisa: matano, kwenye duara la milimita 100. Lakini tundu la katikati la rimu ya Toyota hizo ni milimita 54.1, na kitovu cha habu ya Subaru, ile sehemu ya katikati iliyochomoza, ni 56.1. Rimu haiwezi kuingia. Fundi aliyezifunga akaona njia ya mkato: akaweka sahani ya milimita 10, rimu ikakaa mbali na kitovu, nati zikashika. Zikashika kwa mizunguko minne.

Hapo ndipo hatari ilipo. Boliti ya Subaru ina unene wa milimita 12, na sisi hatukubali nati iingie chini ya unene huo wa boliti yenyewe. Meno yake yameachana milimita 1.25, kwa hiyo nati inatakiwa izunguke karibu mara kumi. Minne ni milimita 5 tu. Halafu rimu haikuwa imeegemea kitovu, ilikuwa inaning'inia kwenye nati peke yake, nje ya senta kidogo, ndiyo maana balansi haikusaidia kitu. Dawa haikuwa spesa nyingine. Tulipeleka rimu kwa mchonga vyuma, akaongeza tundu hadi 56.1, tukazirudisha bila spesa yoyote. Gari lilitulia.

Spesa nene iliyotengenezwa vizuri haina ugonjwa huo. Upande wa ndani ina tundu linalokaza kwenye kitovu cha gari lako, upande wa nje ina kitovu chake cha kupokea rimu. Jambo la kuangalia ni boliti za gari: spesa ikiwa ya 15, mara nyingi ncha zake huchungulia nje ya spesa. Rimu isipokuwa na vishimo vya kuzimeza nyuma yake, haitalala bapa, na utadhani umekaza kumbe umekazia ncha za boliti. Tunapima kabla, na ikibidi tunashauri ya 20 au 25. Boliti za gari hatukati.

Sasa namba ya ET, ile iliyogongwa kwenye rimu. Inakuambia uso unaogusa habu uko milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu. Ikipungua, gurudumu linatoka nje. Tuseme gari lilikuja na rimu ya inchi 7 ET45, wewe umenunua ya inchi 7.5 ET35. Ukingo wa nje umeshasogea milimita 16 hata kabla ya spesa: 10 za ET na 6 na ushee za upana. Ongeza spesa ya 20 ufikishe 36. Gari likiwa tupu linapendeza sana. Pakia watu watano, panda tuta, usikie tairi linavyokula madigadi. Usukani nao unaanza kufuata kila mkwaruzo wa lami, na beringi inabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Spesa ina maana pale rimu inapogusa kalipa ya breki au shokapu na milimita chache zinamaliza tatizo. Kwa urembo wa "gari lijae" tutakufungia, ila tutakuonyesha kwanza tairi linafika wapi.

Nati ni hadithi nyingine. Rimu nyingi za asili za Toyota hutumia nati yenye washa bapa. Rimu za spoti nyingi zinataka nati yenye shingo ya koni. Ukirudishia zile za zamani, washa inagusa ukingo wa shimo tu na itajilegeza. Na nati ya Toyota, yenye meno ya 1.5, huanza vizuri kwenye boliti ya Subaru au Nissan yenye 1.25, kisha inakaza ghafla. Anayetumia bunduki ya upepo hata hatajua kwamba ameshaua meno. Sisi tunaanza kwa mkono, tunamaliza kwa spana ya kupima mkazo; Toyota nyingi ndogo ni Nm 103. Baada ya kilomita 100 rudi, tunakaza tena bila malipo.

Spesa mbili zilizobebana hatufungi. Wala sahani yenye matundu marefu ya kuingia kila gari, hata ukija nayo mwenyewe.

Kama hujanunua bado, muombe muuzaji akuachie rimu moja kwa amana, uje nayo na gari lenyewe. Tunaifunga mbele na nyuma, tunakata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, tunapima. Ni nusu saa, na kupima hatutozi.