Kwa vijana mnaoanza kuandika programu: anzieni kwenye daftari la mweka hazina

Wanangu,

Nawaona mnavyokimbilia kompyuta. Mtu akisema, "Tutengenezeeni programu ya VICOBA yetu," yaani kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana, jioni hiyohiyo mmeshachora ukurasa wa kuingilia na mnabishana kuhusu lugha ya kuandikia programu, kama mtumie Python au JavaScript. Hakuna aliyeuliza fedha zinagawanywaje. Nisikilizeni kwa hili moja, maana hapo ndipo kazi za wanaoanza zinapoharibikia.

Nendeni kikaoni. Kaeni karibu na mweka hazina, mwone daftari lake na lile sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo na mtunzaji wake. Wanachama wananunua hisa moja hadi tano kwa kikao; kuna mikopo, kuna faini, kuna mfuko wa jamii. Kisha chukueni karatasi, mgawane kwa mkono fedha za mwisho wa mzunguko wa kuweka akiba.

Tuseme sandukuni mna shilingi 2,000,000 na hisa zote ni 700. Kila hisa inapata 2,857 na senti kidogo. Kwa sarafu zinazozunguka mtaani, malipo hayo hayalipiki. Mkishusha thamani ya hisa iwe 2,850, mtalipa 1,995,000 na shilingi 5,000 zitabaki. Au mshushe malipo ya kila mtu badala ya thamani ya hisa? Masalio yatakuwa mengine kabisa. Na hayo masalio ni ya nani? Kompyuta haijui, na ninyi pia hamjui. Ulizeni katiba ya kikundi. Ikiwa iko kimya, wanachama waamue kabla hamjaandika hata mstari mmoja. Mkijiamulia wenyewe, mmewachezea watu fedha zao, hata kama nia ilikuwa njema.

Hatua mlizopita kwenye karatasi ndizo programu yenyewe. Ziandikeni kwa Kiswahili cha kawaida, moja baada ya nyingine, mmsomee mweka hazina. Akisema, "Hapana, faini haiingii humo," mmejiokolea wiki nzima ya kutafuta hitilafu.

Sasa fungueni kompyuta. Andikeni sehemu ya kununua hisa peke yake, muijaribu kabla ya kugusa mikopo. Mpeni mtu hisa sifuri, kisha tano, kisha sita. Ya sita ikikubaliwa, simameni hapohapo. Shilingi zitunzeni kama namba kamili, kwa sababu desimali za kompyuta zina tabia zake: mwambieni Python ajumlishe 0.1 na 0.2, mtaona 0.30000000000000004 badala ya 0.3. Namba za simu ziwekeni kama maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea na ujumbe haumfikii mtu.

Najua pia mnanakili msimbo, yaani mistari ya programu, wa wenzenu. Sikatazi, wote tunafanya. Lakini ulizeni uliandikwa kwa hali gani. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikasambaratika kabla ya dakika moja kwisha. Sehemu ya programu ya kuiongoza ilitoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Roketi mpya ilikwenda kasi zaidi, namba moja ikakua kupita 32,767, kiwango cha juu kabisa cha nafasi ya biti 16 (tarakimu 16 za sifuri au moja) iliyotengewa kwenye kompyuta, na mfumo ukazimika. Walioiandika walikuwa mabingwa. Msimbo nao haukuwa na kosa kwa safari ulizoandikiwa. Ni safari iliyobadilika, na dhana ya zamani haikupimwa upya.

Mkimaliza, msimnyang'anye mweka hazina daftari lake. Acheni viende sambamba, daftari na programu, mzunguko mzima hadi siku ya kugawana. Kila kikao linganisheni jumla mbili hizo mbele ya wanachama, na zikitofautiana, hata kwa shilingi 50, tafuteni chanzo siku hiyohiyo kabla sanduku halijafungwa.

Mzee wenu